Dele

Vuai, dele langu uliliazima kwa siku mbili.
Leo ni boila: mdomo umekuwa dohani,
mpini umekwenda sijui wapi.
Lehemu ya risasi iliyeyuka, ukaja tena,
jicho kwenye kikuku changu cha fedha.
Nikakivua. Mjinga ni mimi.

Usiku Bububu, iliyosahau reli yake, imelala;
tupa yako haijalala.
Unanyoa pistoni unywele kwa unywele,
vumbi la shaba linatua kwenye unga wangu.

Alfajiri ya jana garimoshi lilipiga chafya,
likatambaa shubiri saba, likafa.
Ukacheka kama aliyepata mtoto.
“Valvu,” ukasema, “inachelewa kufunguka.”
Ukalifungua lote, skrubu kwenye kisahani cha tende.

Sasa kahawa naichemsha kwa sufuria,
nawe waniita:
“Mize, lile birika la mama yako…”