Maji Hayana Sikukuu

Daftari la zamu hukaa juu ya kabati la fyuzi,
mbali na mikono yenye grisi.
Miaka ishirini na sita nimelijaza mimi, Hilgonda,
kwa penseli. Wino niliuacha mwaka wa kwanza,
Shawali ilipotuchezea: nikafuta, nikakwaruza,
karatasi ikatoboka.
Mwezi mwandamo hauandikwi kwa wino.

Paramaribo imelala chini kama sahani.
Mvua ikishuka na mto ukijaa kwa pamoja
lazima mtu awe hapa, afunge lango, awashe pampu,
akae na mngurumo ule hadi maji yapwe.
Serikali hutangaza mapumziko.
Maji hayasikilizi redio.

Kwa hiyo tunakopeshana siku.
Jarbandan akienda kucheza Fagwa, mwezi wa tatu,
Wagimin humshikia. Kesho yake Jarbandan hurudi
ameoga mara tatu, na bado zambarau iko nyuma ya sikio,
na gurudumu la lango hubaki na vidole vya waridi
hadi Pasaka.

Pasaka ni yangu. Idi ni ya Wagimin,
au tuseme Idi zake, maana ukoo wao umegawanyika:
babu zao walitoka Java, ambako Makka iko magharibi,
wakavuka bahari mbili, wakaendelea kuswali kuelekea magharibi.
Mdogo wake alifungua ramani, akageukia mashariki.
"Mbele za Mungu tumepeana visogo," Wagimin aliniambia,
"mbele ya sinia la tambi, bado."

Krismasi hushikwa na Asaiti, asiyeitaka,
ili Oktoba kumi apande mto hadi kwao,
walikojificha wazee wake waliotoroka mashamba ya miwa.
Divali hatuna ugomvi.
Usiku wa mwaka mpya, mikufu ya fataki inapolipuka
na barabara kuwa nyekundu kwa karatasi,
tunapiga kura kwa njiti za kiberiti.
Njiti fupi hunipenda mimi.

Lakini Julai mosi, Keti Koti, minyororo imekatika,
hiyo sikopeshi mtu.
Bibi wa bibi yangu alikatiwa yake siku hiyo,
kisha akaambiwa alime miaka kumi zaidi,
eti ajizoeze uhuru.

Mwaka ule Wagimin alikuwa anishikie.
Alfajiri akapiga simu, kifua kinambana.
Nikakaa hapa kutwa nzima na koto langu lenye wanga,
nimelipandisha magotini lisiguse mafuta,
ngoma nikizisikia kwa mbali, kupitia pampu.
Aliporudi kazini aliandika pembeni mwa ukurasa:
*Nadaiwa siku moja. W.*

Alikufa Februari.
Nilichukua kifutio nikafute ile mistari mitatu ya penseli.
Nikakirudisha mfukoni.

Juni ikaisha kwa mvua ya siku nne.
Asubuhi ya kwanza ya Julai, nimeshavaa buti,
akaingia binti yake, Ngatina, karani wa benki,
ana viatu vya mpira na bakuli la chakula.
"Baba alisema kuna deni."
Nikamwambia deni la marehemu nimelisamehe.
"Hukuniuliza mimi kama nimelisamehe," akasema,
akapita, akaweka kiganja juu ya pampu ya pili
kama mtu anayepima homa ya mtoto.
Nikakumbuka: meza ile, taa ile,
msichana mwenye suruali fupi akifanya hesabu za darasa la tano
huku baba yake akimwonyesha saa ya kufunga lango.

Nikaenda nyumbani. Nikapiga pasi.
Nikafunga kilemba kwa mkunjo uitwao Waache Waseme.
Mtaani walinipisha njia, wengine wakanicheka:
"Hilgonda! Leo nani analinda mji?"

Sikujibu. Nilicheza, magoti yakalalamika, nikacheza.
Mvua ilikuwa bado inapiga.
Katikati ya ngoma nikainamisha macho kwenye mtaro:
ganda la embe, karatasi, ua la mtu,
vyote vilikuwa vinakwenda.