Upogo

Vipya vinang'aa mlangoni kama meno ya bwana harusi;
navipita. Nainama kwenye turubai la Chilongani,
penye koleo, bawaba, vijiko vilivyopoteza wenzao,
na visu: rundo zima la kutu.

Nabonyeza. Kinachopinda kama ulimi wa dalali, narudisha.
Nagonga kwa kucha, nategesha sikio:
chuma cha kweli hakisemi "ta" kikanyamaza,
kinaimba mpaka kichoke.

Hiki, basi.
Mpini wa mpingo, misumari mitatu ya shaba,
ubavu umeliwa na jiwe la mtu
aliyenoa miaka na miaka, upande mmoja tu.

"Kimekwenda upogo hicho, mama. Elfu mbili,
nisirudi nacho Chang'ombe."
Simjibu. Nahesabu sarafu nne, polepole,
vumbi la Septemba likikatiza Sabasaba.

Nyumbani Nyemo anakatakata majani ya maboga
kwa mkono wa kushoto, ule ule
ambao bibi yake aliufunga kitambaa.
Nampa. Hakitazami hata.
Anakata tu,
na kwa mara ya kwanza
kisu hakimkimbii.