Kitabu cha Kuazima

Tukuyu, mvua haijakata tangu Jumanne.
Mkaa umebaki majivu, nami bado nasoma.

Huyu Lugano simpendi.
Pale stendi anamkaba Subilaga kiwiko
na mwandishi anataka niyaite hayo mapenzi.
Lakini ukurasa wa tisini anamenya viazi, kimya,
maganda membamba,
ya mtu aliyelelewa na shangazi mchoyo,
nikajikuta natabasamu peke yangu, mjinga mimi.

Na wewe, Subilaga!
Ulimjibu meneja wa kiwanda cha chai
mpaka akameza mate;
leo mtu kakununulia koti
umesahau hata deni la mama yako kikobani.
Ningekuwa jirani ningekugongea ukuta.

Nimemaliza. Wameoana, wangefanya nini kingine.
Nimekitupa kitandani,
kisha nimekifuata,
nimerudi kwenye viazi.

Kesho namrudishia Tusekile kitabu chake.
Ataniuliza, "Umemwonaje?"
Nitasema, "Hafai yule, wala mkewe."
Naye ataitikia haraka, "Hafai kabisa,"
akikifuta jalada kwa upindo wa khanga.

Sitamwambia kwamba ukurasa wa tisini
niliukuta umekunjwa pembeni,
nami sijaukunjua.