Jina la Arubaini na Moja

Zuwena ni jina la mwisho.
Mwalimu Shaame hufungua daftari, huanza na Asya,
na mimi huanza kuhesabu.

Asya. Nipo. Bikombo. Nipo.
Viganja vinatoka maji.
Hidaya, Mafunda, Mgeni: kila mmoja
hujibu kama anayerudisha chenji.
Akiitwa Raya, meza imeshaanza kuhema.
Akiitwa Time, ulimi wangu ni kitambaa
kilichosahauliwa juani.

Zuwena?

Neno lenyewe dogo. Silabi mbili.
Nalijua lilipo: limekaa kooni, limeshavaa viatu,
halitoki.
Mwalimu hangoji. Kalamu yake nyekundu
huchora sifuri ubavuni mwa jina langu,
nami nimekaa pale pale, safu ya pili, dirishani,
naitazama sifuri ikikauka.

Siku kumi na moja.
Halafu barua ya skuli ikaja Machomanne,
mama akaisoma mara mbili mlangoni, unga mikononi.
"Ulikuwa ukenda wapi?"
"Nilikuwepo."
"Na hii?"
"Nilikuwepo, mama."

Shangazi alisema jicho.
Jirani alisema mvulana.
Nikaandikiwa kombe kwa zafarani, nikanywa,
marashi yakanipanda hadi puani,
na moyo ukaendelea kugonga
kama mtu aliyefungiwa chooni.

Jana umeme ulikatika.
Mama yuko juu ya mbuzi, anakuna nazi.
Bila ya kuniangalia, akaita:
Asya. Akajijibu mwenyewe, sauti nyembamba: nipo.
Bikombo. Nipo, kwa mafua.
Sijui majina kayapata wapi.
Yalipomwishia akatia ya mtaani,
yule muuza urojo mwenye deni letu,
paka, fundi cherehani, marehemu bibi,
wote wakaitika, bibi kwa kukohoa kwanza.
Nikacheka.
Kisha nikajua anakokwenda,
na viganja vikaanza.

"Zuwena?"

Mbuzi ikanyamaza.
Hakuita tena. Hakusema jaribu, hakusema mwanangu.
Kifuu mkononi, akangoja.
Nje pikipiki ikapita, mlio wake ukafifia mpaka ukaisha.
Bado anangoja,
kama vile tui, wali, usiku wenyewe
havina haraka na mtu,
na kooni, kwenye kiza,
nikasikia viatu
vikisogea mlangoni.