Mkono Uliotazama Chini

Leeuwarden, Februari. Mfereji umeganda,
watoto wanateleza juu yake hadi shuleni.
Mimi ninachemsha wino wa karmini,
nazamisha tezi ya panya jike, nyembamba kama ngozi ya kitunguu,
nangoja mti utokee.

Kwa kawaida hutokea.
Mirija myekundu hutambaa ndani ya mafuta,
kila ncha imevimba kama kidole kilichotoka kwenye jamu,
ikisukuma, ikigawanyika, ikisukuma.

Kundi la pili: hakuna mti.
Kisiki tu karibu na chuchu
na uwanda mweupe, malisho ya baba chini ya theluji.

Profesa Terpstra hakunigombeza. Alifanya vibaya zaidi:
aliniletea vielelezo viwili vya mbao na vijiti.
"Wytske, hesabu."

Nikahesabu. Pete tatu za pembe sita, moja ya pembe tano,
zimegawana kuta kama vyumba vya kupanga.
Kaboni kumi na nane. Oksijeni mbili, moja kila mwisho.
Chupa ya kwanza, chupa ya pili:
uzito ule ule hadi nukta ya mwisho.

"Sasa tazama kaboni ya kumi na saba."

Huku oksijeni imeinua mkono.
Kule imeushusha.
Basi.

Kidole kimoja hakivunji chawa, wanasema.
Hiki, kwa kugeuka tu,
kimeinyima tezi msitu wake.

Jioni nilitoka kwa haraka,
glavu ya kushoto kwenye mkono wa kulia;
dole gumba likatafuta chumba chake, likakikosa.
Nikasimama darajani hivyo hivyo, baridi ikiniingia,
nikifikiria kipokezi gizani, kinapapasa, kinaachilia.

Mama akapiga simu. "Bado unahesabu matawi?"
Mama aliyetunyonyesha wanne, akakamua ng'ombe arobaini,
na miaka miwili iliyopita wakamkata titi la kushoto.
Uvimbe ule ulipenda estrojeni.
Sasa humeza kidonge kinachokaa kwenye kiti cha homoni
na kukataa kuinuka.

Nilitaka kumwambia habari za mkono,
jinsi kitu kidogo kinavyotazama juu, au chini.
Nikamwuliza kama ng'ombe wameshakamuliwa.

"Zamani," akasema. "Na wewe, umekula?"