Daftari la Bi Shinuna

Kazi ya maneno nimepewa mimi, kwa kuwa nilisoma.
"Andika machache," kaka kasema, "kwa Kiswahili,
wenziwe wa Wete wayasikie matangani."
Nimekaa jikoni, Mabela, saa tisa za usiku,
kiyoyozi kinakohoa,
na nyuma ya risiti ya duka la dawa naandika:
Shangazi alikuwa mpole.

Nikafuta.
Mpole nani? Huyu aliyemrudisha muuza samaki
mara tatu mlangoni kwa baiza hamsini?
Aliyeniambia, siku niliyofaulu,
"Hongera. Haya, katoe taka"?

Alikuwa na mikono ya dhahabu.
Nayo nikaifuta.
Vidole vilijaa vitundu vya sindano,
gumba limesugua kama kwato;
kofia moja ya viua miezi miwili,
na fedha yake
hatukujua ikienda wapi.

Wiki ya mwisho Kiarabu kilimhama chote.
Muuguzi wa Kerala akimuuliza panapouma
yeye humjibu, "Unyayo, mwanangu, unyayo unawaka,"
nami nimesimama kati yao,
mkalimani wa unyayo.

Hilo ningeliandika. Sikuliandika.

Saa kumi na moja nikafungua kabati lake
kutafuta sanda aliyojinunulia Makka.
Chini yake daftari la shule,
herufi za Kiarabu, maneno ya kwetu:

Mke wa Ghasani, riali ishirini. Kasamehewa.
Mpishi wa Kibangali, tikiti, kwenda kumzika mamaye. Kasamehewa.
Muuza samaki, arubaini. Kasamehewa.
Muuza samaki tena.

Ukurasa wa mwisho, wino mzito:
Nasoro, ada ya mwaka wa pili.
Nikageuza. Nikapekua nyuma ya jalada.
Mbele ya jina langu hakuandika kitu.

Asubuhi, juu ya kokoto, jua limekwisha kuwa kali,
kaka akanisukuma mbele. Nikasema
lile tu linalosemwa na kila mfiwa:
"Jamaa, anayemdai marehemu ajitokeze."

Kimya. Mtu akakohoa.
Muuza samaki alikuwa safu ya pili, anatazama viatu vyake.
Risiti mfukoni imelowa jasho, haisomeki tena,
na mimi bado nimesimama pale,
koleo nimelishika,
sijui nimpe nani.