Hesabu ya Kwenda na Kurudi

Walipoileta Kapripointi na mapanga yake manane
watu walipiga picha. Mimi niliinama chini ya tumbo lake
nikitafuta betri.
Fundi haulizi jina la mgeni; huuliza mzigo.

Kilo mia nne na hamsini. Nikaandika kiganjani.
Abiria wawili, wembamba.
"Na mama yangu?" nikamuuliza Bwana Lushinge wa suti ya buluu,
"yeye na ndoo yake ya furu wakavu?"
Akacheka. Sikuwa natania.

Angani, alisema, dakika thelathini.
Toa tano za kupaa, maana kujinyanyua ndiko kunakokula:
gunia humchosha mtu wakati wa kujitwika.
Toa kumi za akiba, upepo wa Ukerewe hautoi risiti.
Zimebaki kumi na tano.
Nansio, ukipima kwa rula, kilometa arobaini na kitu.
Tunafika.
Tunafika, tunashuka, tunapeana mikono.

Kisha?
Umeme wa Nansio umekatika tangu saa tisa.
Shemeji yangu Magesa ana paneli moja juu ya bati,
anachajia simu za mtaa mzima.
Kuijaza hii kwa paneli ile
tungengoja mpaka mahindi yabebe.

Na wale wadudu wa ziwani, wakipanda kama moshi wa tanuri,
kioo utakifuta kwa mkono upi?

Juu ya mawe ya Kirumba korongo alikuwa amekaa na upara wake.
Hapigi bawa kabla ya saa nne.
Anangoja jiwe lipate moto, hewa imbebe bure.
Yeye hesabu alishaimaliza.

Lakini usiniandike kwa wanaobeza.
Mimi Nyanjige nilizaliwa mtumbwini, kati ya Ukara na Bugolora,
saa nane za usiku, kivuko kimelala,
mama ameng'ang'ania ubao, mpiga kasia ametazama pembeni kwa adabu.
Pacha wangu hakufika nchi kavu.
Kilometa chache tu. Dakika nne za betri, tano.
Usiku ule kwenda peke yake kungetosha,
nani angeuliza habari za kurudi?

Nikafuta kiganja kwenye sketi. Wino haukutoka wote.
"Chaja kwanza, Bwana Lushinge," nikasema.
"Na ianzie ng'ambo."